Mama Alivyotembea kwa Rege

Mama alianguka bombani, kijijini kwetu nje ya Masii, akavunjika nyonga. Alikuwa amewahi kuteka maji kabla foleni haijawa ndefu, akateleza kwenye matope pale mitungi inapomwagika. Alilala hapo chini mpaka jirani mmoja alipofika na punda wake na kupiga ukemi. Jioni hiyo alikuwa hospitalini Machakos mjini. Walimpasua, wakamtia chuma, na baada ya wiki kadhaa nikamleta kwangu, nyumba ya kupanga yenye sebule pana na dirisha linalotazama vilima vya Iveti.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili ya wasichana, na naishi peke yangu. Nilidhani Mama angekaa nami kidogo, atembee, arudi kwa mbuzi wake. Lakini Mama hakutembea. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mpole aliyekuwa akija nyumbani, alimletea fremu ya chuma yenye miguu minne, akamwonyesha namna ya kuisukuma mbele kisha kuifuata. Mama alisimama, akaishika, akatetemeka, akaketi. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Yule mtaalamu aliniita jikoni akaniambia mfupa ulikuwa umeshika vizuri kabisa. Kilichobaki ni woga. Ardhi ilikuwa imemwangusha Mama mara moja, na hakuwa tayari kuiamini tena.

Basi akawa anashinda kwenye kiti karibu na dirisha, akisuka kiondo. Vidole vyake havikuwa na woga wowote. Alisokota uzi wa mkonge juu ya paja la mguu mzima, akausuka bila kutazama, macho yakiwa nje barabarani.

Ni katika siku hizo hizo mwalimu wetu wa muziki alipohamishwa. Mkuu wa shule aliniita ofisini akasema amesikia ndiye mimi ninayeongoza kwaya kanisani. Nikakiri kuwa ni kweli. Akasema basi darasa la muziki la kidato cha pili ni langu mpaka apatikane mtu, na muhula huu wasichana wanajifunza muziki unaopendwa na watu wa nchi mbalimbali, ule wa redioni na wa sherehe. Nilitoka pale nikiwa mzito. Noti naweza kuzisoma, na sauti nne za kwaya nazijua. Lakini zaidi ya hapo nilikuwa kama mtu asiyewahi kuonja chumvi.

Hilo halikutokea hivi hivi tu. Nyumbani kwetu nyimbo zilikuwa za aina mbili, za Mungu na za dunia. Mama aliokoka akiwa msichana, na tangu hapo nyimbo za dunia hazikukanyaga sebule yake. Redio iliwashwa kwa habari na kwa matangazo ya vifo. Gitaa la benga likianza tu, mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kitufe. Siku za soko, magitaa ya Kikamba yalilia katika kila duka la Masii, na sisi watoto tulipita katikati yake mbio, vichwa chini, kama watu wanaopita kwenye mvua.

Kwa hiyo nikaanza kusoma upya nikiwa na mvi kichwani. Nilipotoka shuleni niliketi mezani na simu, nimetia waya masikioni, nikisikiliza nchi moja baada ya nyingine. Nilifanya hivyo kwa kumheshimu Mama. Yeye alikuwa dirishani, mimi mezani, na kati yetu kimya.

Jumamosi moja alasiri aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ninasikiliza nini kinachonifanya nitikise kichwa peke yangu kama mwehu. Nikamwambia ni kazi ya shule. Alisuka kidogo, kisha akasema kwa Kikamba, lugha tunayozungumza sisi wawili siku zote:

"Mwanangu, mtu mzima hafichi sauti katika nyumba yake mwenyewe. Toa hizo waya."

Nikazitoa.

Uliokuwa ukicheza ulikuwa bluzi, muziki walioutunga wajukuu wa watumwa kule kusini mwa Marekani. Mwanamume mmoja, gitaa moja, rekodi ya zamani iliyokwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Nilimweleza Mama yale niliyokuwa nimeyasoma: kwamba mwimbaji husema mstari mmoja, akaurudia ule ule, kisha mstari wa tatu ndio unaojibu. Mama alisikiliza, uzi ukiwa umesimama kati ya vidole vyake. Akauliza huyu mtu anasema nini. Nikamwambia anasema ameamka asubuhi na kukuta nyumba tupu. Akauliza ni kwa nini basi anasema mara mbili. Nikamjibu kuwa ndiyo desturi yao.

"Anasema mara mbili ili Mungu asije akadai hakusikia," akasema, na kurudi kwenye kiondo chake.

Nilimtazama. Nilikuwa nimefundisha mashairi miaka mingi, nikawaeleza wanafunzi takriri ni nini na kazi yake ni ipi, na sikumbuki kama niliwahi kuiona takriri ikipumua namna ile.

Tangu siku hiyo sikutia waya tena. Nilinunua spika ndogo, nikaiweka juu ya kabati, na kila alasiri tukawa tunasafiri. Siku moja ilikuwa Ajentina, nchi ya tango. Nilimsomea Mama kwamba kile kinanda cha mkononi kinachovutwa na kubanwa, chenye sauti kama mtu anayezuia kilio, kilitoka Ujerumani, na kwamba inasemekana kilikusudiwa makanisa madogo yasiyoweza kupata kinanda kikubwa. Wahamiaji wakakibeba kuvuka bahari, na kule Buenos Aires kikaishia kwenye kumbi za dansi za watu maskini waliokuwa mbali na kwao.

Mama alifikiri. "Kwa hivyo kilirudi nyuma," akasema. Kwa watu waliookoka, kurudi nyuma ni kuuacha wokovu. Nilicheka mpaka nikalazimika kuketi, naye akanitazama bila kutabasamu, maana hakuwa anatania. Halafu akaniomba nikiweke tena kile kinanda kilichorudi nyuma.

Siku nyingine ilikuwa Ureno, muziki unaoitwa fado. Mwanamke mmoja anaimba, gitaa lenye umbo la pea na nyuzi nyingi likimfuata nyuma kama mtu anayemshikia mwenzake taa. Sikuwa nimeeleza lolote bado. Mama aliacha kusuka, akauliza ni nani amekufa. Nikasema sijui kama kuna aliyekufa. Nilichosoma ni kwamba muziki huo ulizaliwa katika vichochoro vya mji wa bandari, na kwamba wenyewe wana neno moja kwa ajili ya hamu ya kitu kilichokwenda na pengine hakitarudi. Nikajaribu kulitafsiri, nikashindwa, mimi mwalimu wa lugha.

"Ni kama mtu anayekumbuka njia ya kwenda mtoni," Mama akasema, "na mto wenyewe ulishakauka."

Machozi yalikuwa yanamtoka. Hakuelewa neno hata moja la yule mwanamke. Nilisimama pale na simu mkononi. Mwimbaji alikuwa mtu wa ng'ambo, wa karne iliyopita, na mbele yangu mkulima wa ndengu kutoka Masii alikuwa akifuta macho kwa ncha ya leso.

Kisha tukafika Jamaika.

Rege, kwa kweli, hakuna Mkenya asiyeijua. Inapita barabarani kila saa. Lakini sikuwa nimewahi kuketi na kuisikiliza namna ilivyojengwa. Nilichojifunza kilinishangaza, nikamweleza Mama nikigonga meza. Muziki mwingi, pigo la kwanza ndilo zito, pale mguu unapokanyaga. Katika rege ile ya polepole, pale pa kwanza ngoma huachwa patupu. Unangoja pigo, halipo. Gitaa linakata baadaye, chak, kama panga kwenye nyasi, na ngoma kubwa inaanguka katikati, ukiwa umeshakata tamaa.

Mama alisikiliza akiwa amekunja uso. "Huyu wa kwanza amekwenda wapi?"

Nikasema ameachwa nje kwa makusudi.

Baada ya muda niliona mguu wake mzima unagonga sakafu kidogo, ukiitafuta ile ngoma. Kisha akaushika ukingo wa kiti, akajiinua. Niliruka kumsaidia, akanizuia kwa kiganja. Aliivuta fremu iliyokuwa imeegemezwa ukutani tangu wiki iliyopita, akasimama nayo, akisikiliza. Pale patupu, akaisukuma mbele. Ngoma ilipoanguka, akaleta mguu. Patupu tena, akasukuma. Ngoma, akaleta mguu mwingine. Alitoka kitini akafika mezani. Alipofika akashika meza, akahema, wimbo ukaisha.

Sikupiga kelele, ingawa nilitaka. Nilimuuliza imekuwaje. Akaniambia siku zote alizokuwa akijaribu, alihisi anaharakishwa, kana kwamba kuna mtu nyuma yake. Huyu mtu wa ngoma alikuwa amemwachia nafasi. Alikuwa amemwachia mahali pa kuogopa kwanza, ndipo akanyage.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Watu fulani katika kisiwa kidogo, katika vitongoji vya joto na shida, walipunguza mwendo wa muziki wao na kuondoa pigo moja, wala hawakuwa na habari kwamba kuna mji uitwao Machakos. Na lile pengo waliloliacha likawa na upana sawasawa wa hofu ya mama yangu.

Baada ya hapo ikawa kila alasiri rege kwanza, mazoezi, halafu nchi nyingine. Mtaalamu wa viungo alipokuja alimkuta Mama anavuka sebule, akasimama mlangoni na mkoba wake begani akisahau kuingia. Aliomba ajue wimbo wenyewe ili awachezee wagonjwa wengine. Mama alimwambia wimbo wowote utafaa mradi wa kwanza awe hayupo.

Shida ilikuja siku ya akina mama wa kanisa. Walikuja kumwombea mgonjwa, kama ilivyo desturi, wakiwa na mkate na sukari na leso zao za chama. Hawakuwa wametoa taarifa. Nilifungua mlango nikidhani ni mtoto wa jirani, nao wakaingia, wakamkuta mama yangu, nguzo ya ushirika wao, katikati ya sebule akisukuma fremu, na juu ya kabati mtu wa Jamaika akiimba kwa sauti yote. Nilikimbilia spika.

"Acha," Mama akasema. "Bado sijafika mlangoni."

Nikaacha. Akina mama wale wakasimama wamejibana ukutani, vifurushi mikononi, huku Mama akipita mbele yao. Patupu, fremu. Ngoma, mguu. Uso wake ulikuwa na jasho na aliukaza kama mtu anayevuka mto wenye maji. Alipougusa mlango, mwenyekiti wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza ibada, akaanza kupiga makofi polepole, na makofi yake yakaangukia pale pale ngoma ilipokuwa ikianguka. Wengine wakafuata. Halafu nikazima, tukaketi, wakaomba. Katika maombi yule mwenyekiti alimshukuru Mungu kwa njia zake zisizochunguzika. Walipokuwa wakinywa chai, mmoja alininong'oneza akaniuliza kama kuna muziki mwingine wa namna hiyo unaofaa magoti.

Kuna siku moja katika hizo ambayo sikuitarajia hata kidogo. Niliweka kantri, ule muziki wa wachungaji ng'ombe na madereva wa Marekani, wenye gitaa linaloteleza kutoka noti hadi noti kama mtumbwi juu ya maji. Nilianza kueleza kuwa watu wa milimani kule walichanganya fidla za babu zao kutoka Uingereza na Ayalandi na banjo, ala ambayo asili yake ni Afrika. Mama alinikatiza.

"Huu naujua," akasema. "Ni wa baba yako."

Baba alikufa zamani. Alifanya kazi ya ng'ombe katika ranchi moja upande wa Konza, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Ninachokumbuka ni jinsi alivyokuwa akiketi nje jioni, mgongo ukiwa ukutani chini ya dirisha la chumba chao, redio ndogo mapajani, sauti imeshushwa hadi ikawa kama mbu. Alijua sheria ya sebule na hakuwahi kuivunja. Sisi watoto tulimwonea huruma, mwanamume mzima anayesikilizia muziki wake kwenye baridi. Nilimwambia Mama hivyo, kwamba tulidhani yeye ndani hakuwa akisikia chochote.

Alisokota uzi pajani, akausokota tena.

"Na unadhani ni nani aliyekuwa akiliacha lile dirisha wazi?"

Miaka yote ile, mmoja nje na mwingine ndani, ukuta wa matofali kati yao, walikuwa wakisikiliza nyimbo zile zile. Hawakuwahi kulizungumza. Mama aliniambia kuna wimbo mmoja ambao Baba aliufuata kwa mluzi, na kwamba mara nyingine, ulipokwisha, alimsikia akicheka peke yake. Aliniomba nimtafutie. Hakujua jina lake wala la mwimbaji, alijua mluzi tu. Akaupiga, midomo mikavu, hewa nyingi na sauti kidogo. Hatukuupata. Tulitafuta kwa wiki nzima, gitaa moja linaloteleza baada ya jingine, naye akitikisa kichwa kila mara, na bado hatujaupata mpaka leo.

Darasani mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyostahili. Niliwasimulia wasichana kila nilichokisikia, na mara nyingine niliwasimulia alivyosema Mama, nao walimpenda bila kumwona. Tulipofika kwenye muziki wa vijana wa Korea nilikuwa nimejiandaa sana. Niliwaeleza jinsi waimbaji wale wanavyofunzwa miaka mingi kabla ya kuonekana, kuimba na kucheza kwa pamoja, na jinsi wimbo mmoja unavyoweza kuanza kwa kufokafoka, ukalainika, kisha ukalipuka. Msichana mmoja kutoka Mavoko aliinua mkono.

"Mwalimu, hiyo tuko nayo. Tukuonyeshe?"

Wakasukuma madawati. Sikuwahi kuwaona wakikubaliana upesi hivyo kwa jambo lolote. Walisimama katika mistari, wakaimba kwa Kikorea, mikono ikikata hewa kwa pamoja, vichwa vikigeuka kwa pamoja, na aliyekuwa na maneno yote kinywani, bila kukwama, ni binti wa mfanyabiashara wa Kisomali wa pale mjini, hijabu yake nyeupe ikipepea kila alipogeuka. Nilikuwa nimehangaika tangu kidato cha kwanza kumfanya msichana huyo atofautishe ngeli ya li-ya na ya ki-vi. Nilimuuliza amejifunzaje lugha ile. Akasema hakujifunza, aliipenda tu ikaingia. Siku iliyofuata aliniletea kwenye simu nyimbo za Kisomali za zamani ambazo babu yake husikiliza, zenye noti tano tu, na nilipozifuata kwa kidole kwenye kinanda cha shule nikakuta zinalala vizuri kwenye vitufe vyeusi, kama nyimbo za China, kama nyimbo kadhaa za kwetu. Nilibaki pale chumbani baada ya kengele kulia, nikibonyeza vile vitufe vyeusi.

Mama hakupenda kila kitu. Amapiano ya Afrika Kusini ilimchosha. Ilipita dakika nzima kabla chochote hakijatokea, naye akawa anauliza wanamngoja nani. Muziki wa mashine wa vilabu vya Ulaya aliusikiliza kwa adabu, kisha akasema huyo si mpiga ngoma, huyo ni posho mill ya kusaga mahindi. Lakini Kuba ilimnyamazisha.

Nilimsimulia polepole, maana hata mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilifunga simu nikatoka nje kidogo. Kwamba watu walikamatwa katika nchi za Kongo na kwingineko, wakapakiwa melini, wakapelekwa kisiwani kukata miwa. Hawakuruhusiwa kubeba kitu. Walibeba mapigo, kwa kuwa hakuna anayeweza kukupekua mapigo. Kule yalikutana na magitaa ya Wahispania, na vizazi vikapita. Kisha nyimbo hizo zikatiwa kwenye sahani za santuri, sahani zikapakiwa melini, na zikashushwa katika bandari za Kongo. Watu wa huko wakaziweka, wakasikia kitu kinachowaita kwa jina. Wakachukua magitaa nao wakajibu, na hiyo ndiyo rumba ya Kilingala iliyokuja ikasambaa hadi kwenye baa za Nairobi na Machakos na Tala, ikawafundisha wapiga gitaa wetu mambo mengi.

"Watu hawakurudi," Mama akasema.

"Hawakurudi, mwaitu," nikamjibu. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba.

Aliniomba niweke ule wa Kuba wenye ngoma nyingi na sauti chache. Nikauweka. Alasiri ilikuwa imetulia, jua limelala juu ya Iveti. Kiondo kilikuwa miguuni pake. Viganja vyake vikashuka kwenye mikono ya kiti cha mbao, kimoja kizito, kingine chepesi, na vikaanza kupiga. Mapigo aliyopiga hayakuwa yale ya Kuba. Yalikuwa tofauti, ya haraka zaidi, lakini yaliingia ndani ya yale ya Kuba kama kidole kinavyoingia katika pete. Nilikuwa sijawahi kumsikia akipiga chochote zaidi ya makofi ya kanisani.

Aliniambia ni kilumi, ngoma ya wanawake wa Kikamba ya kuomba mvua na kuwatuliza watu waliosumbuliwa na pepo. Mama yake, nyanya yangu, alikuwa mpigaji. Alikaa juu ya ngoma ndefu kama anayempanda punda, na wanawake walikuja kumwita kutoka mbali. Mama alimfuata utotoni akiwa amebeba kibuyu chake cha maji. Kisha akaokoka, na hakuwahi kukitaja kilumi tena, hata kwetu. Nilimjua nyanya yangu kama bibi mkimya mwenye ugoro. Sikuwa nimewahi kuambiwa kwamba alikuwa mwanamuziki.

Nilimuuliza kama haogopi kupiga sasa.

"Niliokoka mimi," akasema. "Mikono haikuulizwa."

Aliendelea mpaka wimbo ukaisha, na ulipokwisha akaendelea kidogo peke yake.

Mama alirudi kijijini mvua zilipokaribia, akitembea kwa bakora tu. Mwalimu mpya wa muziki alishapatikana, kijana anayejua mambo mengi kuliko mimi, nami nikarudi kwenye ngeli zangu. Spika nilimpa Mama, akaikataa, akasema itamwibia masikio.

Wakati wa mavuno nilikwenda kumwona. Niliposhuka kwenye bodaboda njia panda nilisikia sauti ambayo sikuitambua mara moja, kavu na ya haraka, ikitoka uani kwetu. Nilisogea hadi kwenye lango. Wanawake wa jirani walikuwa wakipura ndengu juu ya turubai, wamepiga magoti kuzunguka rundo, fimbo mikononi, maganda yakirukaruka. Mama alikuwa kwenye kigoda upande mmoja kwa sababu ya ile nyonga, naye ana fimbo. Kila mmoja alikuwa na mwendo wake. Mmoja alipiga mara mbili na kupumzika. Wawili walipokezana. Mama alipiga mara moja tu, nzito, akingoja kwa muda mrefu. Walikuwa wakizungumza habari za mtu fulani aliyeuza ng'ombe, na hakuna aliyekuwa akizingatia fimbo yake. Na juu ya mapigo yao yote nilisikia pigo jingine, jepesi, likizunguka, ambalo nilipowatazama mmoja mmoja hakuna aliyekuwa akilipiga. Lilizaliwa katikati yao tu, pale fimbo zilipopishana.

Nilisimama langoni nikiwa na mkate kwapani. Ningekaa hapo mpaka jua lizame kama Mama hangeniona.

Alinisalimia kwa mkono, akaniuliza barabara ilikuwaje, akanionyesha fimbo iliyokuwa imeegemezwa kwenye mtungi. Nikavua viatu, nikapiga magoti kati ya wanawake wawili, nikainua. Pigo langu la kwanza likagongana na la jirani yangu. Na la pili pia. Walicheka, wakasogea kunipa nafasi, wakaendelea na habari za ng'ombe. Nikashusha fimbo, nikangoja, nikiwasikiliza, mpaka nikaliona pengo langu linakuja.